Mlituita wadau orodha ikiwa imekwisha kuchapwa

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Barua ni ndefu, najua, na ikibidi uikate basi kata popote isipokuwa kisa cha pumba, maana hicho ndicho kilichonishikisha kalamu.

Mwezi uliopita nilikuwa mdau kwa siku moja. Siku nyingine zote mimi ni msagaji. Nina kinu cha stima hapa Kawangware, hatua chache kutoka kituo cha matatu za 46. Nilikifungua mwaka 2003, na mtaa mzima huniita Mama Posho, wakiwemo wazazi ambao niliwasagia unga wa uji walipokuwa bado wananyonya. Nimezika mota mbili. Nyundo za mashine nimezibadilisha mara nisizoweza kuhesabu. Jioni nikijitazama kwenye kioo, kope zangu ni nyeupe kama za ajuza.

Mwaliko uliletwa na mwenyekiti wa chama chetu cha wasagaji. Ulisema kutakuwa na kikao cha wadau cha kupanga vipaumbele vya utafiti na ubunifu katika sekta ya chakula, hotelini kule Westlands, saa mbili asubuhi. Mwenyekiti alinichagua mimi kwa sababu, kwa maneno yake, "wewe dada unajua kuongea." Nikamwachia kijana wangu mashine, nikavaa nguo ya kanisani, nikaenda.

Mlangoni nilipewa kadi ya kuning'iniza shingoni. Jina langu walikuwa wamelikosea herufi mbili, lakini neno MDAU lilikuwa sawasawa. Chai ilikuwa nzuri, na sambusa pia. Tulikuwa kama sitini hivi, na nilipohesabu wanaoshika chakula kwa mikono tulikuwa watano: mimi, mama mmoja wa mandazi kutoka Kangemi, muuza maziwa, kijana wa chipsi, na mzee anayekausha mboga. Waliobaki walikuwa na kompyuta.

Kisha tukaonyeshwa ukuta. Ulikuwa umebandikwa karatasi kubwa kumi na mbili, kila moja ikiwa na mada yake, zimechapwa kwa rangi na kupambwa kwa picha. Kulikuwa na biskuti za unga wa wadudu. Kulikuwa na vifungashio vinavyooza vyenyewe, nyama inayotengenezwa kwa mimea, programu ya simu ya kumwonyesha mnunuzi chakula kilitoka shamba gani. Kila mdau akapewa vibandiko vitatu vyekundu, vidogo kama kifungo cha shati, aende avibandike kwenye mada anazoona ni muhimu zaidi. Hiyo ndiyo ilikuwa kauli yetu: vibandiko vitatu.

Wadudu siwadharau. Kuna jamii humu nchini zilizokula kumbikumbi tangu enzi za mababu, na pale Kasarani kuna wataalamu wanaowachunguza wadudu kwa bidii na maarifa. Wala sikatai kifungashio kinachooza. Mtaro ulio mbele ya kinu changu ungekishukuru. Lakini nilizunguka ukuta ule mara mbili nikitafuta mada yangu, sikuiona. Nikamwuliza kijana aliyekuwa akitusimamia: "Mwanangu, kama jambo langu halimo, nibandike wapi?" Akanijibu kwa heshima zote, sina lawama naye: "Mama, orodha ilishakamilika. Hapa tunaipanga tu kwa uzito."

Nilirudi nyumbani na vibandiko vyangu vitatu mkobani.

Jambo langu ni sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka, ile Waingereza wanayoiita aflatoxin. Mimi ni mzaliwa wa Makueni, na mwaka 2004 kinu changu kilikuwa hakijatimiza miaka miwili. Mwaka ule Makueni, Kitui na wilaya za jirani watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Wengi walikula mahindi ya shamba lao wenyewe, yaliyowekwa ghalani yakiwa na unyevu. Nilienda nyumbani kwa mazishi. Nakumbuka macho ya manjano, matumbo yaliyojaa, na wazee wakibishana kama ni homa ya manjano au ni maji ya mto. Ilikuwa ini, limeharibiwa na sumu ile. Niliporudi Nairobi, gunia la kwanza nililolifungua nilitia mkono mpaka kwenye kiwiko, nikaunusa mkono wangu, nisijue ninatafuta harufu gani. Sumu yenyewe haina harufu. Haionekani kwa macho, haina ladha, na moto wa sufuria hauiui.

Tangu hapo utafiti umefanyika, na mwingine ni mzuri sana. Kuna ile dawa ya Aflasafe inayorushwa shambani kabla mahindi hayajachanua: ni kuvu wasio na sumu wanaowahi nafasi ya wale wenye sumu, na kiwanda chake kiko Katumani, Machakos, si mbali na kwetu. Ni kazi ya kujivunia. Lakini tazama safari ya punje moja. Inatoka shambani, inaingia ghalani kwa mkulima, inapanda lori la dalali, inashushwa Nyamakima, kwenye soko la nafaka mjini, inanunuliwa kwa gunia na mwenye kibanda, inauzwa kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili hivi, inafika kwangu ndani ya mfuko wa mama aliye na mtoto mgongoni. Katika mikono hiyo yote utafiti unaijua vizuri ya kwanza, na unaijua kiasi ile ya viwanda vikubwa vinavyosaga unga wa pakiti. Hapo katikati, kwetu, ni giza.

Mwezi wa Machi 2021 serikali ilisitisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hii. Siku chache baadaye katazo likaondolewa kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba kila mzigo uje na cheti cha kuonyesha kuwa sumu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Sheria nzuri. Lakini lori likigawanywa magunia, na gunia likagawanywa gorogoro, cheti hakigawanyiki. Mama anayesimama mbele ya mashine yangu ana kilo mbili za mahindi na hana karatasi yoyote.

Mimi nina vipimo vyangu. Nang'ata punje: ikilia kwa mlio mkavu, sawa; ikibonyea, nakataa. Nina chupa ya soda yenye chumvi kavu chini. Natia mahindi, natikisa, nasubiri robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu mwingi, na namwambia mteja ayaanike siku mbili zaidi. Wengine hunisikia, wengine huyabeba kwa jirani wasagiwe. Lakini chupa inapima maji, haipimi sumu. Mahindi yanaweza kuwa makavu kabisa leo na bado yakabeba sumu iliyotengenezwa wiki tatu zilizopita yalipokuwa mabichi chini ya turubai.

Vipimo vya kweli vipo. Nilishawahi kuonyeshwa kimoja: unasaga sampuli, unapima uzito, unachanganya na dawa, unachovya kijikaratasi, unakisoma kwa mashine ndogo. Kinafaa kwa mwenye lori. Kwa mwenye gorogoro hakifai, maana gharama ya kupima itazidi mbali thamani ya mahindi yenyewe, na huyo mama anataka kupika saa moja jioni. Tena sumu haikai sawasawa ndani ya gunia; punje chache zinaweza kuwa zimebeba karibu yote huku jirani zake ni safi. Kwa hiyo hata ukichota kikombe kimoja ukakipima, huenda umepima bahati yako tu. Je, kuna njia ya mnyonge? Je, tukikusanya konzi moja kutoka kwa kila mteja wa asubuhi tukaipima pamoja, tutajifunza nini kuhusu mahindi ya mtaa huu wiki hii? Sijui. Hilo ni swali la utafiti, na halikuwa ukutani.

Sasa niwaeleze kitu ambacho hakuna profesa angekijua bila kusimama kinuni. Ukimwaga mahindi kwenye hopa, nyundo zinayapiga mpaka yapite kwenye chekecho, halafu unga unavutwa juu na kushukia kwenye mfuko wa kitambaa mrefu kama mguu wa suruali. Mashine ikishazimwa, ndani bado kuna unga: kwenye kona, kwenye bomba, kwenye mikunjo ya mfuko. Sisi tunauita mkia. Mteja anayefuata anaondoka na mkia wa aliyemtangulia, na yeye anamwachia mwenzake wa kwake. Ndiyo maana akina mama wajanja hawakubali kupanga foleni nyuma ya mtu aliyeleta omena.

Na omena huletwa, tena sana. Siku hizi kila mzazi ana mchanganyiko wake wa uji: wimbi, mtama, mahindi, soya, njugu karanga, mbegu za mchicha, omena, mihogo mikavu. "Mama Posho, nisagie ya mtoto." Nimewahi kuhesabu vitu kumi na moja ndani ya karai moja. Njugu zisipokaangwa mafuta yake huziba chekecho na mashine ikaanza kulia kama mbuzi. Unga wenye njugu nyingi hauchukui wiki nyingi kabla haujachacha, lakini mama amesaga wa miezi miwili kwa sababu nauli ya kuja kwangu ni pesa. Njugu nazo ni rafiki mkubwa wa sumukuvu, kama mahindi. Yaani tunachukua mazao mawili yanayoongoza kwa sumu hii, tunayachanganya, na tunampa mtu mdogo kuliko wote nyumbani, mara tatu kwa siku.

Ukitaka kujua kama haya ni maneno yangu tu, watafiti wenyewe wamewahi kupima vyakula vya watoto wadogo wa Korogocho na Dagoretti, unga na maziwa, na sumu waliikuta. Dagoretti ndiyo sisi. Nilizisikia habari hizo kwa mtoto wa kaka yangu anayesomea sayansi ya chakula kule Juja, miaka kadhaa baada ya kazi kufanyika. Hakuna aliyekuja kinuni kutuambia.

Miaka ya nyuma alikuja binti mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu. Siku ya kwanza aliniuliza umri wangu, kisomo changu, mapato yangu kwa mwezi (nilimdanganya hapo, kila mtu hudanganya hapo), akajaza fomu akaondoka. Siku ya pili alirudi, akaketi juu ya gunia la pumba bila fomu, akatazama tu. Alimwona mteja mmoja akirudisha unga kwa sababu unanuka samaki ilhali yeye alileta mahindi matupu. Basi akaanza kuniuliza habari za mkia. Siku ya tatu alikuja na vifuko, akachota mkia kila baada ya mteja wa tano, akaviandika namba. Aliniuliza maswali ambayo mwenyewe sikuwahi kujiuliza: je, mkia wa asubuhi ni mzito kuliko wa jioni? Nikianza siku kwa kupitisha konzi ya pumba kusafisha, unga unaobaki unapungua kweli au najidanganya? Alikuwa mtafiti kwelikweli, yule. Akaaga, akaenda na vifuko vyake. Mpaka leo sijui mkia wangu ulikuwa na nini.

Nimekuja kwenye pumba sasa.

Kukoboa hupunguza sumu. Kwetu Ukambani tumekoboa muthokoi kwenye kinu cha mti tangu zamani za mabibi zetu, na wataalamu wanakubali kwamba sehemu kubwa ya sumu huondoka na ganda na kiini. Kwa hiyo mteja akiniuliza, namshauri akoboe kwanza, unga uwe mweupe. Analipa zaidi kidogo, anapata unga kidogo, na mtoto anapata afadhali. Pumba zinabaki kwangu. Hiyo ni desturi ya vinu vingi hapa, na kwa kweli bila hela ya pumba nisingenunua tokeni za stima mwisho wa mwezi.

Pumba zangu hununuliwa na mzee mmoja mwenye ng'ombe watatu upande wa Dagoretti. Huja kila Jumamosi jioni na mkokoteni, anachukua magunia mawili. Ni mtu mzuri, analipa mbele. Maziwa ya ng'ombe wake huuzwa kwenye kibanda kilicho mlango wa tatu kutoka kwangu, na hapo ndipo akina mama waliosagiwa na mimi hununua kikombe cha maziwa ya kutia kwenye uji. Na ng'ombe akila sumukuvu, mwili wake huigeuza umbo kidogo tu na kuitoa kwenye maziwa. Kuchemsha hakuiondoi. Yaani ile sumu niliyomtolea mtoto kwa kukoboa, naiweka kwenye gunia, naiuza, inapita ndani ya ng'ombe, na inamrudia mtoto yuleyule kwa mlango wa tatu.

Nilipoyaelewa haya sikulala vizuri. Nimwambie mzee asinunue? Atanunua kwa jirani, na mimi nitakosa hela ya stima. Nizitupe? Zitaokotwa. Nasikia kuna udongo wa aina fulani unaochanganywa kwenye chakula cha mifugo, ukaishika sumu tumboni isiingie kwenye damu. Kama ni kweli, kiasi gani kwa gunia la pumba? Nani auchanganye, mimi au mzee? Unauzwa wapi Nairobi kwa kipimo cha mtu mwenye ng'ombe watatu? Na tukiuchanganya, kuna atakayepima maziwa atuambie kama umefanya kazi?

Haya ndiyo niliyoyasema kule Westlands walipofika kwenye maswali. Nilipewa dakika mbili, nikatumia nne. Watu walinisikiliza, wengine walitikisa kichwa, profesa mmoja alinijia baadaye akaniambia kwa dhati kwamba lile la pumba na maziwa ni swali zito. Kwenye kumbukumbu za kikao, ambazo mwenyekiti wetu alinionyesha wiki mbili baadaye, limeandikwa chini ya "Mengineyo", likifuatiwa na lalamiko la mtu kuhusu maegesho ya magari.

Mhariri, siandiki haya kwa uchungu wa kunyimwa nafasi ya kuongea. Niliongea. Shida yangu ni saa niliyoulizwa. Ukimwita mpishi nyama ikiwa tayari mezani, unaweza kumwuliza tu kama chumvi imetosha. Mada kumi na mbili zile ziliandikwa na mtu, mahali fulani, siku fulani, na siku hiyo ndiyo niliyoikosa mimi na yule mama wa mandazi. Yeye, nikwambie, hakusema neno siku nzima, kwa sababu mazungumzo yote yalikuwa ya Kiingereza. Wakati wa chakula cha mchana aliniambia kwa Kiswahili, tukiwa kwenye foleni, jinsi anavyojua kwa rangi ya povu kama mafuta ya kukaangia yamechoka, na kwamba wauzaji wengi hawajui, huongeza mapya juu ya yale ya zamani. Nikamwambia, hilo si ungelisema ndani? Akacheka, akaongeza wali.

Mtoto wa kaka yangu amenieleza kwamba Uingereza kuna utaratibu ulioanza mwaka 2004, unaitwa James Lind Alliance. Ni wa matibabu, si wa chakula. Huko wagonjwa, wanaowauguza na madaktari hukusanya kwanza maswali ambayo bado hayana majibu, kila mtu akileta ya kwake. Kisha huchunguza yapi yameshajibiwa na utafiti wa zamani, wayaondoe. Halafu huketi meza moja wakayapunguza mpaka yakabaki kumi. Orodha ndiyo inatoka mwisho. Sisemi tuige kila cha Uingereza, tumeiga ya kutosha. Lakini nilipomsikiliza niliona wao wameanzia pale ambapo sisi tulimalizia.

Kijana huyohuyo alinipinga pia, na lazima niwe mkweli niseme. "Shangazi," akaniambia, "mkiulizwa nyinyi, mtaomba mikopo na stima ya bei nafuu. Huo si utafiti." Nikamwambia tutaona. Jumapili moja baada ya mkutano wa chama niliwauliza wenzangu, tukiwa kumi na wanne: mngependa watafiti wawatafutie jibu la nini? Kijana alikuwa sahihi kwa saa nzima. Tokeni, leseni, askari wa kaunti, tokeni tena. Kisha chai ikaisha, na watu walipokuwa wanasimama ndipo mmoja akauliza, hivi soya inatakiwa ikaangwe kwa muda gani kabla ya kusagwa, maana kila mteja ana dakika zake. Mwingine akasema sumaku aliyoweka mdomoni mwa mashine kunasa misumari inatoka kila jioni na vumbi jeusi la chuma, je hilo ni nyundo zake zinaliwa, na lile lisilonaswa linaenda wapi? Bibi mmoja kutoka Kangemi akauliza kwa nini unga wa pakiti umelazimishwa na sheria tangu 2012 utiwe vitamini na madini, lakini wetu sisi, ambao ndio unaoliwa na asiye na hela ya pakiti, hautiwi. Akasema amesikia Tanzania wasagaji wadogo hufungiwa kifaa kinachopima unga na kutia virutubisho chenyewe. Tuliketi tena. Tulitoka giza limeshaingia.

Kwa hiyo, ndiyo, ukituuliza kwa saa moja utapata malalamiko. Mengine yanahitaji saa ya pili.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 10, inataja kushirikishwa kwa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inasema mfuko wa taifa wa utafiti utengewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Zikitoka zote ama zisipotoka, ni hela za kodi, na kodi yangu imo ndani ya kila tokeni ninayonunua. Ninachoomba si kikubwa. Watafiti, kabla hamjaandika maombi ya fedha, si baada ya kupewa, njooni. Njooni kwa Kiswahili. Mkituita mjini, jueni kwamba siku moja ya kinu kufungwa si nauli tu. Na mkichukua kitu kwetu, unga au maneno, rudini mtuambie mlichokiona, hata kama ni kibaya, hata kama si chochote.

Saa nane hadi saa tisa na nusu mchana wateja huwa wachache hapa, mashine huwa imezimwa ipoe, na mtu anaweza kusikilizana na mwenzake. Mtafiti anayetaka kuja aje wakati huo, avae nguo asiyoionea huruma.

Leo ni Jumamosi. Magunia mawili yako mlangoni, yamefungwa kamba. Mzee ameshalipa.

Mama Posho,
Kawangware, Nairobi